Gari Lililovuta Hewa ya Moto

Kila anayeleta suruali kupunguzwa kiuno hapa barazani kwangu Chanzuru ananiuliza habari za safari ya Morogoro. Nasimulia huku mguu uko kwenye pedeli ya cherehani, nikifika katikati mteja mwingine anaingia na kuniambia nianze upya. Nimeshaharibu nguo tatu kwa sababu ya kusimulia, na moja ni ya sare ya kwaya. Basi nimeandika. Someni, pokezaneni, mniache nifanye kazi.

Jambo la kwanza, mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msinicheke mtakapofika mbugani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi methali hiyo nimeifanya kinga yangu tangu utoto.

Jambo la pili ni jicho. Mama mkwe wangu anakaa Kisanga. Jicho lake la kushoto lilizima kwa ugonjwa wa presha ya macho, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kuona ukungu. Madaktari bingwa wa upasuaji wa macho walikuwa wamekuja Morogoro kwa siku chache, na siku ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Rehema, mke wangu, alitangulia kumshikia mama yake nafasi. Aliambiwa kuwa mgonjwa ambaye hatafika kabla ya saa tisa alasiri atasubiri mpaka waje tena, na daktari hakumficha: jicho lile halikuwa na muda wa kusubiri. Mtu wa kumfikisha mama pale kabla ya saa tisa nilikuwa mimi na gari langu.

Jambo la tatu ni ukwe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye, halitaji jina lake, na yeye mama vilevile. Likiwapo neno, linapita kwa mtu wa tatu. Wengi mijini wameyaacha haya. Mama mkwe wangu alikuwa hajaacha hata moja. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, naye alikuwa hajawahi kuiona sura yangu. Alinijua kwa kikohozi na kwa mlio wa viatu.

Chanzuru mpaka Kilosa

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri, na gari liliondoka kama limepakwa mafuta. Ni gari dogo la zamani, la kabureta, nililonunua kwa bwana mmoja aliyehamia huku kutoka Makete, kule ambako asubuhi majani huganda kwa baridi. Alfajiri ile kulikuwa na ubaridi kidogo wa umande na injini ilinguruma vizuri mpaka nikaanza kuimba. Laiti ningejua kwamba ubaridi ule ndio uliokuwa ukilibeba.

Kilosa mjini nilisimama kwa fundi gari ninayemfahamu, kwa sababu wiki ile gari lilikuwa likichoka mchana. Alifungua boneti, akatazama rejeta, akachovya kidole kwenye maji na kukinusa kama anayepima mchuzi.

"Fundi mwenzangu," akaniambia, "gari hili la Makete, limezoea baridi. Huku kwetu dawa yake ni maji tu. Likichoka, lipe maji."

"Na likizidi kuchoka?"

"Lizidishie."

Nilijaza madumu manne. Namna alivyolisema lile neno, kwa utulivu, huku akifuta mikono, ilinitosha. Sisi mafundi tuna dhambi hiyo: tukisema kwa utulivu, mteja haulizi mara ya pili. Mimi mwenyewe nimewaambia watu mara nyingi kwamba kitambaa kitanyooka chenyewe kikifuliwa.

Kilosa mpaka Kisanga

Jua lilitoka na vumbi likatoka nalo. Kilima cha kwanza gari lilipanda kwa gia ya tatu, cha pili likataka ya pili, cha tatu likaanza kugonga. Mlio ulikuwa kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikisimama, nikilipa maji, halina kiu; rejeta imejaa pomoni na sindano ya joto la maji iko mahali pake. Nililimwagia tu maji ya juu, angalau nionekane nimefanya kitu.

Katikati ya njia nikakutana na ng'ombe. Si kumi wala ishirini. Walijaza barabara kutoka kichaka hadi kichaka, na nyuma yao alikuja mfugaji mmoja mtu mzima, amejifunga shuka, fimbo begani. Nilipiga honi mara mbili. Akasimama. Akaliangalia gari, kisha akaanza kulijia moja kwa moja, na mimi nikapandisha kioo haraka mpaka nikajibana kidole. Nilijua nimemkosea mtu na mifugo yake, na fimbo ile haikuwa ya mapambo.

Aligonga kioo kwa ukucha. Nilikishusha kiasi cha kupitisha pua.

"Shikamoo mzee," nikasema, sauti imekwisha.

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nyumbani kwako?"

"Kwema."

"Mvua kwenu?"

"Bado."

Alimaliza salamu zote, hakuruka hata moja, huku ng'ombe wakipita na saa ikienda. Kisha akainamia boneti, akavuta hewa.

"Gari lako linanuka mafuta," akasema. "Mimi sijui magari. Lakini ng'ombe wangu wamekataa kupita karibu nalo."

Nikamwambia magari yote hunuka mafuta, nikamshukuru, nikaondoka. Mtu alikuwa amekuja kunisaidia na mimi nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Nilikumbuka maneno yake baadaye, mahali ambapo hayakunifaa tena.

Kisanga, nyumbani kwa wakwe

Nilifika saa tatu na robo. Nilichuchumaa mbali, chini ya ukingo wa shamba, nikageuza uso na kusema shikamoo kuelekea kwenye migomba. Marahaba ilirudi kutoka nyuma ya nyumba. Aliyetokea mbele alikuwa Eda, mdogo wake Rehema, ambaye anafanya kazi jikoni katika nyumba ya wageni Mikumi na alikuwa anarudi kazini. Huyo ndiye alikuwa mtu wetu wa tatu.

"Shem, mama kasema ule kwanza."

"Eda, saa tisa tunatakiwa Morogoro."

"Kamchinja jogoo toka jana. Ukikataa atajua umedharau."

Nikala. Nilikula peke yangu upande wa mashariki wa nyumba, ugali na jogoo mzima, mama akiwa upande wa magharibi, na kila nilipodhani nimemaliza, Eda alileta bakuli jingine na kusema, "Kasema bado." Kuku yule alikuwa mtamu, lakini nilimmeza kama dawa. Tuliondoka saa nne na nusu.

Mama alikaa nyuma, upande wa kushoto, amejifunika kanga kichwani mpaka usoni. Eda alikaa mbele pamoja nami. Na kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikatazama paa, maana kingenionyesha uso wa mama mkwe. Msicheke. Kila mwanaume wa kwetu mwenye gari hufanya hivyo akimbeba mkwewe. Kwamba kioo kile kimewekwa pale ili uone basi linalokuja nyuma, hilo hatulifikirii.

Kisanga mpaka Mikumi

Joto lilikuwa limekaa. Gari likagonga, na mara tu lilipogonga, mama akakohoa. Likagonga tena, akakohoa tena. Nilidhani amechukizwa na uendeshaji wangu, kisha nikadhani amechukizwa na mimi mzima, tangu posa.

Akasema neno kwa Eda kwa lugha ya kwao, ambayo mimi naisikia kwa mbali tu. Eda akatazama dirishani.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Anasema barabara mbaya."

Mwendo kidogo, kilima, kugonga, kikohozi, na maneno tena, marefu zaidi.

"Anasemaje?"

"Anasema jua kali."

Mara ya tatu mama alisema kwa ukali, akapiga kiti cha mbele kwa kiganja. Eda alijiweka sawa, akavuta kanga yake. "Anakusalimia," akasema.

Nilijua nadanganywa, lakini nilifikiri nadanganywa kwa huruma: kwamba mama anamtukana mkwewe na binti anamfichia aibu. Nikaendesha kwa hofu mbili, moja ya gari na moja ya nyuma ya kisogo changu.

Mikumi mjini

Tuliingia saa sita kasorobo. Malori ya kwenda Tunduma yamejipanga, moshi wa nyama choma, wauza ndizi wanakimbilia madirishani. Hapa Eda anashuka. Nilimwomba atafute hata jirani wa kutusindikiza, kwa kuwa mimi na mama mkwe kukaa peke yetu ndani ya gari lilikuwa jambo lisilo na mfano. Alizunguka, akarudi mikono mitupu. Kila mtu alikuwa kazini.

Mama alipaswa kula kidogo. Nikamnunulia Eda ndizi za kuchoma ili Eda ampe mama, nami nikaenda kusimama nyuma ya lori mpaka niambiwe amemaliza. Utingo wa lori akaniuliza kama najificha polisi. Nikamwambia najificha mkwe. Akaitikia kwa kichwa na kunisogezea nafasi ya kivuli.

Eda alikuja kuniaga. "Shem, mama yuko tayari. Na, shem…" Akasita, akachezea simu yake. "Basi. Nenda taratibu tu, usipaniki."

Nikampigia Rehema. "Mko wapi?" aliuliza, nikamwambia Mikumi. "Wamebaki wagonjwa sita mbele ya mama," akasema. "Yoeli, nakuomba." Hakumalizia, nami sikumwuliza ananiomba nini.

Ndani ya mbuga

Wasioijua barabara hii waelewe hivi: barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, mwendo wa kilomita hamsini hivi, na ndani yake hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna ruhusa ya kushuka. Wanyama wanavuka wanapotaka. Mabasi na malori nayo hayapendi kusimama.

Saa sita na nusu mchana, madirisha yote wazi, upepo unaoingia ni wa moto. Nyuma kimya. Kimya kile kilinielemea kuliko vikohozi. Sikuwa na mtu wa kumpitishia neno, wala yeye hakuwa naye. Nilitazama mbele tu na kuhesabu madaraja.

Gari lilipunguza nguvu lenyewe. Nakanyaga mafuta, linajibu kwa kugonga. Mwendo ukashuka mpaka wa baiskeli. Na mimi, kioo changu kikiwa kinatazama paa, sikujua kilichokuwa nyuma yangu mpaka honi ya basi iliponilipukia kisogoni. Ilikuwa karibu kiasi kwamba niliisikia kwenye meno. Basi lilichepuka, upepo wake ukatutikisa, kondakta akapiga kelele ambazo namshukuru Mungu sikuzielewa. Injini ikakohoa mara tatu, ikazima. Nikaliacha gari libingirike hadi pembeni, kwenye majani.

Nikawasha, halishiki. Nikawasha tena. Harufu ya petroli ikajaa.

Ndipo nikawaona tembo. Walikuwa upande wa kulia, upande wangu, hatua kama thelathini. Jike kubwa na mtoto wake, na nyuma yao wengine ambao vichaka viliwaficha nusu. Nimewahi kuwaona kwa mbali, kwenye basi, nikiwa nimekaa na watu sitini. Hii ilikuwa nyingine. Nilipandisha kioo. Nikakumbuka kioo hakizuii tembo, nikakishusha, nikakipandisha tena. Sala niliyoanza ilikuwa ya kubariki chakula, ndiyo pekee iliyokuja. Nilitazama simu: mtandao hakuna, saa saba kasoro kumi.

Sauti ikatoka nyuma, taratibu.

"Wewe kiti," ilisema. "Kiti alichokalia Eda. Mwambie mwenye gari kwamba gari lake linavuta hewa ya moto."

Nilitazama kiti kitupu. Nikaujibu usukani. "Usukani, mwambie mama kwamba maji yapo tele."

"Kiti, mwambie si maji. Tangu Kisanga nasema si maji. Nimemtuma Eda mara tatu."

Hapo nikaelewa vikohozi vyote, jua kali na barabara mbaya. Eda alikiri baadaye kwenye simu: "Ningekuambiaje, shem? Kwamba mama mkwe wako anasema gari lako bovu? Si ungekosa pa kuweka uso?" Aliona adabu kunificha, na adabu hiyo ilitufikisha kwa tembo.

"Kiti, mweleze," mama aliendelea. "Gari lina pua mbili. Moja inavuta upepo wa mbele. Nyingine ina bomba linalokwenda kunyonya joto kwenye ekzosi, bomba la moshi. Asubuhi ya baridi linavuta joto, injini isisumbue. Jua likipanda linatakiwa kugeuza, livute upepo. Hili halijageuza. Nalisikia."

Baba mkwe, marehemu, alikuwa dereva wa gari la kanisa kwa miaka mingi, na mama alipanda naye milima yote. Katika gari lao kulikuwa na kishikio cha kugeuza kwa mkono, kiangazi na baridi. Mzee alikuwa msahaulifu, na aliyekuwa akimkumbusha ni mke wake. Haya sikuyajua. Miaka kumi na moja ya ukwe, na nani angeniambia?

"Usukani," nikasema, "mwambie mama nje kuna tembo. Siwezi kushuka."

"Jike?"

"Jike na mtoto."

"Anatafuna?"

Nilitazama kwa jicho moja. "Anatafuna."

"Tembo wananilia mahindi kila mwaka, nawajua. Akitaka kukujia huacha kutafuna kwanza, akatandaza masikio. Mwambie ashuke."

"Usukani, mwambie mama naogopa."

Nalo hili naliandika kama lilivyotoka. Nilimwambia mama mkwe wangu, kwa kupitia usukani, kwamba naogopa. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguka. Nikageuka bila kukusudia: mwanamke mtu mzima, jicho moja giza na jingine ukungu, ameshika ubavu wa gari kwa viganja na anapapasa kwenda mbele, peke yake, kwenye mbuga ya wanyama.

"Yoeli!" aliita.

Jina langu. Alikuwa hajawahi kulitaja, hata harusini. "Yoeli, mimi sioni. Nikifika hapo mbele nitahitaji macho. Njoo na macho yako."

Nikashuka.

Nilifungua boneti, uso wangu nimeugeuzia upande, na yeye akageuza wake upande mwingine, tukafanya kazi kama watu wawili waliogombana. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye lile sufuria la chujio la hewa juu ya kabureta, eaklina, ukalifuata domo lake linalotoka mbele. "Humu ndani kuna kibati," akasema, "kinapanda na kushuka. Papasa."

Nikaingiza vidole. Kibati kilikuwepo. Kilikuwa kimepandishwa juu, kimeuziba upepo wa mbele wote na kuacha wazi bomba la chini, la joto. Na kilikuwa kimefungwa. Waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara nne, umekazwa kwa koleo. Fundi wa kule baridini alikuwa amelifunga gari livute joto maisha yake yote, na kwa kule alifanya jambo jema.

Fundi wa Morogoro alinieleza baadaye kwamba kibati kile hakihitaji mkono wa mtu. Ndani ya eaklina kuna kidude kinachohisi joto la hewa. Hewa ikiwa ya baridi, kinaruhusu kimpira chembamba kivute kibati juu, injini inywe hewa iliyopashwa kwenye ekzosi. Hewa ikipata joto, kinakata mvuto, kibati kinashuka, upepo unaingia. Ukikifunga juu, mchana wa Mikumi injini inameza hewa ya moto, nyepesi, isiyolingana na petroli inayopewa. Inanuka, inagonga, inaishiwa nguvu, na mwisho petroli yenyewe inachemka njiani. Maji ya rejeta hayahusiki hata kidogo.

"Kata," mama alisema.

Koleo sikuwa nalo. Nilikuwa na mkasi wangu wa kazini, ule ambao hata Rehema hagusi, ambao haujawahi kukata karatasi. Niliukatia waya. Nilisikia makali yakivunjika, na mshonaji yeyote anayesoma hapa anajua nilivyoumia. Zamu ya nne waya ukaachia, kibati kikaanguka chini kwa mlio mdogo, tik.

"Sasa pampu ya mafuta ipoozwe." Akavua kanga ya kichwani.

Niligeuza shingo mpaka ikauma. Mkwe haoni kichwa cha mama mkwe, ni haramu ya haramu. "Mama, nitavua shati langu," nikasema, nikisahau kabisa usukani.

"Shati lako ni la nailoni, nalisikia unavyotembea. Litayeyuka. Kama unaona haya, fumba macho; mkono usifumbe."

Tuliilowesha kanga kwa maji ya dumu, tukaizungushia pampu. Mvuke ukapanda. "Subiri," akasema. Tukasimama. Nikatazama kulia.

Jike alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama," nikanong'ona. "Ameacha."

"Masikio?"

"Yanafunguka."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kwa jembe, na ulikuwa ukitetemeka kama wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa, tangu mwanzo, na hilo likanitisha kuliko tembo. "Usikimbie," akasema. "Funga boneti polepole. Nipeleke mlangoni. Polepole."

Hatua tano zile ndizo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Jike alipiga hatua mbili, akatikisa kichwa, vumbi likaruka. Nilimwingiza mama kiti cha mbele, maana ndicho kilikuwa karibu, nikazunguka nyuma ya gari, nikaketi, nikawasha. Halikushika. Nikawasha tena. Tembo alipiga mlio, na mlio ule nilihisi ukipita kwenye bati la gari. Mara ya tatu injini ikashika, ikalia safi, bila kokoto, nasi tukaondoka na kanga ya mama ikiwa ndani ya boneti.

Tukatoka mbugani, tukafika Doma. Kioo nilikirudisha mahali pake.

Morogoro

Tulifika hospitali saa tisa kasoro dakika nane. Rehema alikuwa amesimama getini, na alipomwona mama yake kakaa mbele, kichwa wazi, karibu na mimi, alifunika mdomo kwa mikono miwili. Alidhani mmoja wetu amerukwa na akili. Hakukuwa na muda wa kumweleza. Walimchukua wakimkimbiza, na mimi nikakaa kwenye ngazi mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Mimi nilisimama mlangoni, nimekipa chumba mgongo, kama inavyotakiwa. Nesi alimnyooshea vidole.

"Vitatu," mama akasema.

"Na hivi?"

"Viwili. Na pete unayo."

Nesi akacheka. "Na yule mlangoni, mama, ni nani?"

"Huyo simwoni," mama alijibu. "Amenipa mgongo." Kisha akasema, "Yoeli. Geuka."

Nikageuka, macho sakafuni.

"Inua uso."

"Mama," Rehema akasema kwa sauti ndogo, "na mila je?"

"Nimetoka Kisanga mpaka hapa ili nione watu. Huyu naye si mtu?"

Nikainua. Alinitazama kwa jicho moja jekundu linalotiririka machozi ya dawa, akanitazama polepole, kutoka nywele hadi kidevu, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuipokea. Nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Rehema amechukua paji la uso kwake.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. "Miaka kumi na moja nalea wajukuu nisijue masikio yale wameyatoa wapi."

Rehema akaangua kicheko. Mimi nililia, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nalo limekatazwa.